Benchi la Mbele

Kanisa lile lilipompigia kura mhubiri wake, yeye aligeukia ukuta asiwaone waliosimama kumkataa. Desturi hiyo aliianzisha Mhubiri Elkana mwenyewe, akisema italinda upendo.

“Wanaotaka apumzishwe, wasimame,” alisema Yoramu, mzee wa kanisa.

Nyuma ya Elkana mabenchi yakaanza kulia, kila aliposimama mtu. Elkana alikuwa ameyagongea misumari yote kwa mkono wake, na aliujua mlio wa kila moja. Lililolia mwisho lilikuwa la mbele, alipokaa mkewe peke yake.

“Tayari, baba. Wameshaketi,” alisema Yoramu kwa upole. “Geuka basi, utufungie kwa sala.”

Elkana aliendelea kuutazama ukuta, akifungua vifungo vya joho, kimoja kimoja.