Nungunungu Achagua Mchezo

Zama zile wanyama walipokuwa na klabu zao za mazoezi, Nungunungu alitoka pangoni kutafuta mchezo wa kujifunza.

Ngedere, mwalimu wa ndondi, alimpokea kwa mbwembwe. "Kwangu ni ngumi tupu, ndugu yangu. Hata mgeni haelemewi."

Mbuni, aliyefundisha ndondi za Kithai, akabinua mdomo. "Ngumi tupu! Kwangu utapiga na mateke na magoti. Nani atakuchezea?"

Lakini Nungunungu hakufuata silaha. Alikuwa nazo mgongo mzima, miiba mirefu, na tangu utotoni kila aliyemwona alikaa mbali. Akauliza kwa aibu, "Na wachezaji wakikumbatiana?"

"Refa anawatenganisha papo hapo," Ngedere akajibu.

"Kwangu wanaachwa," Mbuni akasema. "Kushikana shingo ni sehemu ya mchezo."

"Basi nitajifunza kwako, mama."

Klabu nzima ikacheka, lakini hakuna aliyejitokeza kushikana naye. Mbuni akaitazama ile miiba iliyosimama, akainamisha shingo yake ndefu.

"Njoo, mwanangu. Leo tunaanza na hilo."

Miiba yote ikalala yenyewe.