Hodi Mahameni

Jumamosi ile Lwitiko alipanda mlima na mbwa wake hadi mahameni kwao. Alitaka kulala huko, kesho yake achume kahawa iliyobaki na kurudi kijijini.

"Ukifika, upige hodi," mkewe alikuwa amemwambia. "Siku ya Operesheni ya kutuhamishia vijijini tulipakiwa lorini hata kaburi la mama yako hatukuliaga."

Lwitiko alicheka. Magofu nayo yapigiwe hodi? Akakatisha uani kimya, akatua blanketi na sufuria, akawasha moto.

Mbwa alikuwa amejilaza kwenye kizingiti, palepale alipozoea kulala enzi za mama, mpaka mama akitaka kutoka amwambie, "Nipishe." Alitupiwa kiazi, hakukigusa. Aliitwa, hakugeuka. Alikuwa akitazama ndani ya chumba kisicho na paa, masikio yamesimama.

Lwitiko akarudi hadi ukingoni mwa uwanja, kwenye mibuni.

"Hodi, mama."

Mbwa akainuka, akasogea pembeni kupisha mlango. Mkia ukaanza kucheza. Kisha akavuka uwanja polepole, ameinua uso kama anayeongozana na mtu. Alipomfikia Lwitiko akaketi, akaacha nafasi katikati yao.