Penye Shoti

Ndani ya simu iliyozimika mlikuwa na sauti ya marehemu akimwachia mkewe, Zamda, nyumba. Ukoo ulikuwa unasubiri kuisikia.

Fundi alipitisha umeme kidogo kwenye bodi. Penye shoti iliyoizima simu pangepata moto, lakini vidole vyake vilikwisha kufa ganzi kwa miaka ya kuchomelea.

"Nigusieni," alisema.

Mbaruku, mdogo wa marehemu, aliwahi. Alipapasa bodi, akasita kwenye kona moja, akatia mkono mfukoni.

"Baridi kote. Hii haiponi, shemeji. Twende."

Zamda aliweka kidole kwenye kona ileile. Kikaungua.

"Ni hapa, fundi."

Kisha akamgeukia Mbaruku. "Hebu nione kidole chako, shemeji."

Mkono haukutoka mfukoni.