Kura ya Raziki

Sudi alikuwa akimenya viazi pale dada yake Raziki aliporudi kutoka kupiga kura.

"Umempa nani, dada?"

Raziki alivua viatu kwanza. "Yule wa kiwanda. Ameapa kukifungua. Shemeji yako hana kazi mwaka wa tatu huu."

"Ameapa pia kutufunga wanaume tunaopenda wanaume. Ulimsikia."

"Nilimsikia, mdogo wangu. Hayo ni maneno ya kampeni tu."

Ni Raziki peke yake aliyeijua siri ya Sudi. Siku Sudi alipomwambia, Raziki alimkumbatia mpaka akaacha kutetemeka.

Nje watu walipita wakiimba jina la mgombea huyo. Raziki akaitikia kwa sauti ya chini, bila kujijua. Sudi alikwenda kufunga dirisha, mkono wake ukabaki juu ya komeo.