Joho la Kuazima

"Fungua kifungo cha juu cha blauzi, halafu ulie," mwongozaji wa tamthilia alimwambia mwigizaji.

Wakili Scola aliinuka kwenye benchi. Joho la uwakili alilovaa yule binti lilikuwa lake, alikuwa amewaazima asubuhi kwa moyo mweupe. Chini ya kwapa lilishonwa kwa uzi wa magunia, kwa mkono wa mama yake kule kijijini Sigino. Scola alikuwa amelivaa mahakamani miaka yote, wala hakuwahi kulidondoshea chozi.

"Mbona analia?"

"Amesahau ushahidi, mama. Inspekta ndiye atakayekuja kumwokoa."

"Na kifungo?"

Mwongozaji akacheka. "Kwenye runinga mwanamke lazima avutie."

Ni watu wangapi waliingia ofisini kwa Scola, wakamkuta mezani, wakamwuliza wakili yuko wapi? Leo amejua walikofundishwa.

Akapita mbele ya kamera, akalishika joho begani. "Vua!"

Binti hakuvua. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mama, wewe ungemwuliza nini yule?" akanong'ona, akimwonyesha kwa kidevu mwigizaji aliyekaa kizimbani kama shahidi wa uongo.

Scola akamtazama. Akamfunga kile kifungo hadi shingoni, akamnong'oneza swali moja.

Binti akageuka, sauti yake ikajaza ukumbi.

"Umesema taa ilizimika. Sasa rangi ya shati la mshtakiwa uliionaje?"

Shahidi akafungua mdomo, akaufumba, akamgeukia mwongozaji.