Kumrudisha Mzee Lutengano

Mgonjwa akilazwa kituoni kwetu, nyumbani kwake hupelekwa badala: mashine yenye sura na sauti yake, ili familia isimkose. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi msaidizi humsindikiza mgonjwa hadi kwake, kisha hurudi na ile badala.

Leo nilimrudisha Mzee Lutengano. Kwa miezi minane nilimfanyisha mazoezi baada ya kiharusi, na sijapata kuona mzee mpole kama yeye. Nilimfungashia nguo na dawa, tukahakiki orodha pamoja. Njiani alinitania, "Nesi Subilaga, leo utakula ndizi za mke wangu mpaka ushindwe kunyanyuka."

Mkewe alifungua mlango. Nyuma yake, badala ilikuwa mezani ikimenya ndizi.

"Shikamoo, mama. Nimemleta mzee. Naomba uweke saini hapa, niichukue ile."

Hakuipokea kalamu. Aliionyesha badala kwa kidole. "Mwanangu, huyu kila asubuhi ananiuliza nimeamkaje. Na hajanipiga hata siku moja."

Niligeuka kumtazama mzee, nikitumaini atakana. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa kabisa alipokuja kwetu. Mimi ndiye niliyeukanda, kidole kwa kidole, mpaka ukarudiwa na nguvu.

Hakukana. Alivua kofia kwa mkono huohuo, akasimama mbele ya mlango uliokuwa wazi, wa nyumba aliyoijenga mwenyewe.

"Hodi," alisema taratibu.

Badala iliweka kisu chini, ikaitika kwa sauti ileile ya mzee, "Karibu."