Kilio cha Mwanzoni mwa Wimbo

Mzazi mwenzangu, zisikilize nyimbo kabla mwanao hajazikariri.

Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu hapa Memphis, ulipigwa wimbo mpya wa baba yake binti yangu Latrice. Unaanza na mwanamke anayelia: “Basi, nakuomba, mtoto anatuona!”

Ni mimi yule. Alinirekodi siku aliyonipiga.

Wanawake weusi wenzangu wakakiigiza kilio kile huku wakicheka. “Lia, shoga, lia!” Latrice wangu aliwashinda wote, hata kwikwi aliziweza, shanga za nywele zikigongana.

Akanijia anahema. “Mama, huyu dada anachekesha kweli! Ni nani?”

Nikamfuta jasho shingoni kwa kiganja.

“Simjui, mwanangu.”